Kibao Kilichotanguliza Shukrani

Treni ya saa kumi na nusu kutoka Bologna kwenda Firenze ilikuwa karibu tupu. Nilifurahi, maana sikutaka mtu aniulize nimefunga nini kwenye kitambaa.

Kilikuwa kibao cha mbao nilichokichora mwenyewe. Kwetu mtu akipona huchora kibao cha namna hiyo, akaandika chini "Nimepokea neema", akakitundika kanisani kumshukuru Mama Maria. Akipona, lakini. Mdogo wangu Duilio alikuwa bado hospitalini, anapasuliwa moyo kesho yake, na daktari alishaniambia nijiandae kwa lolote. Sikujiandaa. Nilimchora Duilio amesimama kando ya kitanda, mzima, mashavu mekundu. Mimi nikajichora nimepiga magoti, nimegeuza mgongo kwa sababu nyuso za wanawake hunishinda. Nilijiambia Mama Maria akishashukuriwa ataona haya kuninyima. Marehemu mama alizoea kuniambia haraka haraka haina baraka. Sikumsikiliza akiwa hai, sembuse sasa.

Treni ikaingia kwenye handaki la mlimani. Nimelipita maisha yangu yote. Dakika kumi na tano, hazizidi.

Nikasikia harufu... ya mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Mbele yangu ameketi bibi mwenye kitambaa cheusi kichwani. Sikumwona akiingia. Soksi zake zilikuwa zimetoboka magotini.

"Fungua nione," akanong'ona.

Nikafungua. Sijui kwa nini.

"Huyu amepona lini?"

"Kesho."

Akacheka kidogo. "Na mimi nilisema kesho. Mume wangu. Akaishi miaka arobaini mingine, akaoa na mke mwingine." Akagusa mgongo wangu niliouchora kwenye kibao. "Ukitanguliza shukrani unapewa, mwanangu. Ila aliyepiga magoti hainuki tena."

Nikatazama saa. Dakika ishirini na tano, na nje bado giza. Niliinuka nimtafute kondakta. Mlango wa behewa ulikataa kufunguka. Abiria wachache niliopanda nao hawakuwepo. Nikageukia kioo cha dirisha.

Niliona mgongo wangu.

Nimekielekea kioo, nacho kinanionyesha kisogo na koti langu la kijani. Nikasogea kushoto. Mgongo ukasogea kushoto.

"Kivunje kibao," alisema bibi. "Mlango utafunguka, urudi kwenu. Mimi cha kwangu nilikuwa nacho mkononi hivyo hivyo. Nikashindwa."

Nilikiweka gotini nikaanza kukikunja. Simu ikaita. Humo mlimani simu haijawahi kushika mtandao.

"Dada," alisema Duilio, kwa sauti yenye nguvu niliyoisikia mara ya mwisho kiangazi. "Asante kwa kuja. Ila mbona umenipa mgongo? Inuka basi, utaumia magoti."

Nikaogopa. Nikakunja kwa nguvu zaidi. Mbao ikalia... na Duilio akaanza kukohoa. Kikohozi kibaya, cha mtu anayezama.

Nikaachia.

Kikohozi kikakoma.

"Niko sawa hapa," nikamwambia. "Wewe lala."

Nilipoinua macho kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na nje zilionekana taa za mji wa Prato. Nilifika Firenze, nikakitundika kibao kabla kanisa halijafungwa.

Duilio alitoka hospitali siku ya nane. Madaktari hawana maelezo, na yeye hana swali. Huu ni mwaka wa tatu. Anaoa mwezi wa tano, na ninampenda vilevile, ingawa siku nyingine namchukia kidogo kwa kupumua vizuri. Kioo chochote hunionyesha kisogo, kwa hiyo nywele hunichana jirani. Magoti nayo yametoka vidonda visivyopona.

Hayo nimeyazoea. Ila jana jioni nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Nikapepesa macho, nikajikuta nimeketi ndani ya treni, gizani, katikati ya mlima. Mbele yangu alikuwa msichana amekumbatia kitu kilichofungwa kitambaani. Alikuwa ananusa huku na huku.

Harufu ile ya mshumaa ilitoka kwenye koti langu.

Nilitaka kumwambia akimbie. Nilifungua kinywa kusema hivyo hasa.

"Fungua nione," nikanong'ona.