Kifusi cha Chumba cha Nyuma

Jioni ile ya mwaka 2009 Amoni alishuka mtoni kufunga geti tu. Kazi yenyewe aliiona imekwisha. Sheli ya zamani iliyokuwa pale ukingoni, chini ya mji wa Tunduma, ilivujisha dizeli ardhini miaka nenda rudi mpaka maji yakafanya utando. Mnunuzi mpya wa kiwanja alitaka kujenga hoteli, akampa Amoni tenda ya kung'oa matangi na kwenda kuutupa mbali udongo wote ulioharibika. Matangi aliyang'oa. Udongo je? Mbali ni kwa wajinga. Tipa zilipanda kilima zikaishia kwake, zikajaza msingi wa chumba cha nyuma cha nyumba yake mpya.

"Kifusi cha bure, na mchwa hatii mguu," alijisifu kwa kila aliyemsikiliza. Mtu wa namna hiyo akikuibia anataka na makofi.

Aliyenung'unika alikuwa Asajile peke yake, dereva wa kijiko cha kuchimbia. Chini ya tangi la mwisho alifukua chungu kilichofunikwa kifudifudi, na mifupa.

"Bosi, hapa wamelala watu. Wenye sheli waliweka tangi juu yao."

"Si wamelala? Basi safari fupi haitawaamsha. Pakia."

Vikapakiwa pamoja na udongo.

Sasa Amoni alikuwa ameshika kufuli, giza likianza kuingia, aliposikia kitu nyuma yake.

Kwecheche... kwecheche...

Mtu alikuwa ndani ya shimo lililoachwa na matangi, anapepeta. Mwanamke mzee, ungo mikononi, miguu imejaa matope hadi magotini. Harufu ya dizeli ilipanda ghafla, kali, ikamchoma Amoni macho.

"Bibi, toka humo. Hapa si jalala la kuokotea vyuma chakavu."

Mzee hakugeuka. "Rudisha udongo wangu," alinong'ona. "Wote."

"Uchafu ule?"

"Nani aliuchafua?"

Amoni akacheka. Alikuwa na kicheko chake maalumu cha kuchekea maskini. Akainama kuwasha tochi ya simu, na alipoinua uso shimo lilikuwa tupu. Pale aliposimama mzee hapakuwa na alama ya unyayo.

Alijiambia ni kichaa tu, Tunduma imejaa vichaa. Hata hivyo alipanda kilima mbio.

Mkewe, Jenista, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilitoka, na hii ndiyo kitu pekee duniani ambacho Amoni hakukidharau. Kila jioni alimvua mkewe viatu kwa mikono yake mwenyewe. Leo alimkuta chumba cha nyuma, kile ambacho hakijamwagwa zege, ameketi chini gizani.

"Bosi, umerudi?" Kinywa cha Jenista kilikuwa kimejaa.

"Unakula nini?"

"Udongo. Ule wa dukani hauna ladha. Huu una harufu ya sheli... mtamu!" Akalamba vidole. "Mbona nakula tangu siku uliyouleta."

Amoni akamulika tochi.

Sakafu ilikuwa imetitia. Bonde moja... la pili... la tatu, yamelala ubavu kwa ubavu. Kila bonde lilikuwa na kichwa, mabega na miguu. Pembeni palikuwa na la nne, dogo, la kimo cha mtoto.

Jenista alikuwa ameketi ndani ya lile dogo.

Kulipokucha Amoni aliita kijiko na tipa. Alikwangua sakafu, akabomoa mpaka ukuta wa nyuma ili ufagio ufike chini ya mawe ya msingi. Asajile alipakia huku akimkazia macho, na Amoni kwa mara ya kwanza alivumilia kutazamwa hivyo. Jua lilipozama kifusi chote, mifupa na chungu vilikuwa vimerudi shimoni. Asajile hakungoja hata kuagwa.

Mzee alikuwepo. Kwecheche... kwecheche...

"Haya, bibi. Wote huo," alisema Amoni. Kicheko kilikuwa hakimo tena.

Mzee akatikisa ungo, akaangalia kilichobaki juu yake. "Haujatimia."

"Nimefagia mpaka mawe!"

Ndipo mzee alipomtazama, kwa jicho lile lile ambalo Amoni aliwatazamia wengine maisha yake yote.

"Kuna uliokwisha kuvaa nyama," alinong'ona. "Huo usijisumbue kuubeba. Utakuja wenyewe."

Amoni alikimbia, viatu vikamvuka njiani.

Jenista alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefungwa vizuri kama mtu anayetoka. Pumzi yake ilinuka dizeli.

"Udongo wangu umeupeleka wapi?"

"Jenista, ingia ndani. Nakuomba."

"Mtoto anautaka."

Akaushika mkono wa mumewe na kuuweka tumboni. Ngozi ilikuwa ya baridi. Amoni akasikia, hafifu, kutoka ndani kabisa...

Kwecheche.

Jenista akauachia mkono, akampita, akaanza kuteremka gizani kuelekea mtoni, peku peku. Hakuuliza njia.