Dumu la Arobaini na Moja

Saa kumi na mbili na robo jioni, Rodgers alishuka kwenye bajaji Area D, Dodoma, akiwa na begi la kompyuta na kipande cha mkate ambacho hakuwa amekigusa tangu mchana. Alikuwa ameitwa kutengeneza mitambo ya matangazo. Nabii Geofrey alikuwa na ibada ya maombezi saa moja kamili, inayorushwa moja kwa moja kwenye simu za watu, na wiki nzima picha zilikuwa zikikwama.

Angeweza kukataa. Miezi miwili nyuma mkewe Lydia, akiwa kitandani hospitali, aliunganishwa kwenye ibada hiyo hiyo ili aombewe. Shemeji yake Asnath ndiye aliyemshikia simu. Alimsimulia Rodgers mara moja tu, hakurudia tena. Nabii aliinua mkono, picha ya Lydia ikaganda kwenye kioo, na kabla haijaganduka Lydia alikuwa amekata roho. Watu walisema ni mtandao. Rodgers naye alisema ni mtandao, akamshukuru Mungu kwa yote, akatupa udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini alitaka kuiona mashine ile. Ndiyo maana alikuja.

Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya ukumbi, hakina dirisha. Kilinuka spiriti ya hospitali... na chini ya spiriti, harufu ya udongo uliofukuliwa karibuni.

Nabii alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alimtazama Rodgers kuanzia viatuni. Akauliza kama ni kweli ana cheti tu, hana digrii. Rodgers akakubali. Nabii akasema vizuri, wenye digrii huuliza maswali mengi.

"Ongeza nafasi, fundi. Usifute kitu humu. Ukifuta, utanijua."

Akatoka kwenda kuvaa joho.

Rodgers akakaa. Programu za namna hii huweka picha kidogo kidogo kwenye vyumba vidogo vya memori kabla ya kuzirusha. Mafundi huviita bafa. Rodgers, aliyekulia kwenye foleni za maji Chamwino, aliviita madumu. Dumu hujazwa, hupelekwa kwa mtazamaji, likishamiminwa hurudi tupu kwenye foleni lijazwe tena. Dumu lisiporudi, nafasi yake imepotea. Yakipotea mengi, foleni inasimama. Hakuna uchawi hapo.

Akahesabu. Madumu sitini na manne. Ishirini na matatu yalikuwa yakizunguka. Arobaini na moja hayajarudi.

Akatafuta nani ameyashika. Hakuna. Yalikuwa yamejaa, na upande wa pili hakukuwa na simu yoyote iliyounganishwa. Ila kila moja lilikuwa na jina la mtu, na tarehe.

Dumu halipewi jina.

Akafungua la kwanza. Mzee mwenye kofia ya sufu, picha ya sekunde moja inayojirudia. Anavuta pumzi. Anavuta pumzi. Anavuta pumzi... Haitoi kamwe.

Akafungua la pili. Mama aliyejitanda khanga. Anavuta pumzi.

Akashuka hadi jina la mwisho.

Lydia.

Shuka la kijani. Kitambaa chake cha kichwa chenye maua ya njano. Macho yametazama darini. Anavuta pumzi.

"Tulizika nini?" Rodgers alinong'ona.

Wazee husema mchawi akimchukua mtu, mnachozika ni gogo la mgomba. Alikuwa akilicheka neno hilo. Dodoma hii kavu, mgomba utoke wapi?

Sasa hakucheka.

"Ulizika ulichopewa."

Nabii alikuwa nyuma yake. Mlango haukulia. Akainama mpaka mdomo ukakaribia sikio la Rodgers, na pumzi yake ilikuwa baridi.

"Hao ndio wanaoniitikia ninapoomba. Ukiwaachia, wanakwenda. Na wa kwako pia."

"Wanakwenda wapi?"

"Wewe si unasali? Niambie wewe."

Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono kama mtu anayengojea chai. Hakumzuia. Hilo ndilo lililomtisha Rodgers kuliko yote.

Ukumbini walikuwa wameanza kuimba. Rodgers akasema Baba Yetu, polepole, neno kwa neno. Marehemu ni wa Mungu, si wa mtu. Hilo alilijua tangu mafundisho ya kipaimara. Akabonyeza.

Dumu la mzee likarudi kwenye foleni, tupu.

Na mle chumbani, pumzi ikatoka.

Ndefu. Ya moto. Ikampitia shingoni.

Akabonyeza la pili. Pumzi. La tatu. Pumzi. Kufikia la ishirini shati lilikuwa limemgandama mgongoni, naye alikuwa akilia bila sauti. Nabii alikuwa akitabasamu. La thelathini. La arobaini.

Likabaki moja.

Lydia akavuta pumzi.

Rodgers akaweka kidole juu ya kitufe. Akasema, mapenzi yako yatimizwe. Kidole hakikushuka. Akasema tena. Hakikushuka. Akajiambia atamwachia kesho, leo amtazame tu... Akamhamishia kwenye kompyuta yake, akafunga begi.

Nabii akasimama, akanyoosha joho. Hakuwa na sura ya mtu aliyeibiwa.

"Watu nitapata wengine," alisema. "Aliyekuwa hapatikani ni fundi."

Saa moja kamili matangazo yalikwenda, hayakukwama hata mara moja.

Hii ni wiki ya tatu, na kompyuta ya Rodgers haijazimwa. Umeme ukikatika anakimbia nayo kwa jirani mwenye sola. Jumapili hapandi tena kushiriki meza ya Bwana. Asnath alipouliza, alisema ana homa. Nabii amempigia simu mara mbili kumwita kazini. Mara ya pili alipokea.

Juzi kitu kilibadilika. Mwishoni mwa sekunde ile, midomo ya Lydia huanza kufunguka. Anataka kusema neno. Sekunde inakwisha kabla neno halijatoka, anaanza upya. Rodgers ni fundi, anajua njia ya kulisikia ni moja tu. Kuliachia dumu.

Na macho hayatazami tena darini. Yanamtazama yeye.

Alikaa na Lydia miaka kumi na moja, na hakuwahi kumwona akimtazama mtu yeyote hivyo.