Nyumba Iliyohamishwa kwa Mate

Pedi ya wino pale ofisi ya ardhi ilikuwa imekauka kau. Karani akaenda kutafuta nyingine, lakini mume hakuwa na subira. Alivuta kohozi, akaitemea ile pedi, akalishika dole gumba la mkewe na kulikandamiza humo, kisha kwenye hati.

"Baba watoto, uchafu gani huu!"

"Mate ya mumeo ndiyo uyaonee kinyaa leo? Nyumba ni yako sasa. Yangu nimemaliza."

Mke, fundi cherehani aliyekuwa na wateja wake, akayameza maneno hayo. Wanawake wangapi huandikishwa nyumba mume akiwa hai, tena mzima wa afya? Aliliosha dole kwa sabuni mara tatu. Bado lilinuka dekio lililosahaulika kwenye ndoo.

Kesho yake uvundo ulikuwa umeenea nyumba nzima. Kuta za chumba cha kushonea zilitoa jasho la manjano, zito, la kunata. Mate ya uvuguvugu yalilowesha pindo za nguo za wateja. Na mchana kweupe, jua likiwaka, alisikia ulimi, ulimi mpana wenye makwaruzo, ukilamba sakafu chini ya cherehani, polepole, ukisogea, ukafika kwenye kanyagio, ukapanda kisigino chake, ukapita katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, naye amekaa pale kakauka, hata kupiga kelele hawezi.

"Mwenye nyumba mpya," sauti ikanong'ona, "una ladha kuliko yule."

Alimkuta mumewe mezani, anakula kama hajaona chakula mwaka mzima.

"Ulijua?"

"Punguza sauti, jini litakusikia. Mama alinihamishia mimi hivyohivyo, kwa mate. Miaka kumi na moja linanilamba! Nimechoka, mke wangu."

"Ukanibwagia mimi?"

"Sasa ningempa nani? Wewe si ndiye wangu?"

Jamani! Mwanamume anayasema hayo huku anajichokonoa meno! Fundi alimtazama, kichefuchefu kikampanda. Lile jini halikuwahi kumchefua hivyo.

Akaenda kwa mganga, bibi mmoja mkali asiyependa porojo. Bibi alilinusa lile dole, akageuka pembeni akatapika.

"Linamfuata mwenye hati. Mrudishie aliyekupa, kwa mate yako, kabla halijakuzoea. Usingoje muhuri wa karani. Jini halijui muhuri."

Siku hiyohiyo alichukua fomu mpya, akaijaza, akanunua pedi. Akamkuta mumewe kajilaza baada ya kula, anakoroma, shibe tupu. Fundi aliitemea pedi kwa hasira zote alizokuwa nazo, akalikamata dole la yule bwana, akalikandamiza humo, kisha kwenye fomu.

Mume alizinduka akipiga mayowe. Kitu kizito, chenye unyevu, kilimpanda kifuani, na godoro likabonyea.

"Mke wangu, nihurumie!"

"Nyumba ni yako, baba watoto."

Uvundo ulimtoka fundi doleni papo hapo. Alicheka, machozi yakamtoka kwa furaha, akageuka aondoke zake.

"Fundi," jini likamwita kwa upole kutoka kitandani. "Mimi nimerudi kwake, kama ulivyotaka. Ila wanangu ni wachanga, hawahamishiki. Utanilelea."

Alifumbua mdomo atukane. Chini ya ulimi wake kitu kidogo kikajinyoosha, kikamlamba meno, halafu cha pili, halafu cha tatu.