Kadi Niliyoisoma kwa Sauti

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Nimejua kusoma mwaka huu, nina miaka hamsini na sita, darasa la watu wazima. Kwa hilo sioni haya hata kidogo. Haya ninayoiona ni ya hiki ninachokuandikia.

Mjukuu wangu wa kike namwita Kibogoyo, maana meno yake mawili ya mbele yalishang'oka. Alikuwa na wazimu wa kadi za ile katuni ya Kijapani, mashujaa wenye macho kama visahani. Kila kadi ina picha, chini yake maneno. Watoto wanazicheza, wanabadilishana. Alibakiza moja tu kumaliza seti, Malkia wa Ukungu.

Sheria alinifundisha yeye.

"Ukisoma maneno ya kadi kwa sauti, Bibi, umeshaicheza. Hairudi mkononi."

"Na mimi nisiyeweza kusoma bila sauti?"

"Ndiyo maana unafungwa kila siku! Soma kwa tumbo, usisome kwa mdomo!"

Tulicheka mpaka mama yake akatugombeza.

Lakini kweli siwezi. Nasoma silabi moja moja, kwa kidole, na lazima nijisikie. Maana inakuja baadaye, nikishafika kwenye nukta.

Siku ile jua linazama, natoka kazini, nikapitia duka la madaftari. Kibogoyo alinipa kadi yake ya ziada nikambadilishie. Duka lilikuwa limefungwa. Nje, kwenye benchi, alikaa mwanamume mwembamba mwenye shati jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unamtafuta Malkia." Akaitoa. Ndiyo yenyewe! "Kadi yako sitaki. Nisomee hii tu, zote mbili ziwe zako."

Akanipa kadi nyingine, kuukuu. Picha ya msichana mdogo amekaa, anatabasamu, meno yote kamili.

Mkono wake ulipokunjika, shati halikufanya hata mkunjo mmoja. Mimi ni mpiga pasi. Nguo ya namna hiyo haipo.

Nikasita...

"Au hujui kusoma, mama?"

Hapo ndipo aliponipata.

Nikaweka kidole. Nikasoma kwa sauti, na barabara nzima isikie.

"Mi-mi ni-na-ye-so-ma... na-m-to-a a-li-ye-mo... na-m-wi-ngi-za m-do-go ku-li-ko wo-te... nyu-mba-ni kwa-ngu."

Nukta. Sikukwama hata mara moja. Nikainua kichwa, nangoja sifa.

"Umesoma vizuri sana, mama," akanong'ona.

Nikatabasamu. Nilitabasamu, mimi!

Halafu maana ikafika.

"Ni mchezo tu, baba, si ndiyo?"

"Mchezo tu."

"Basi irudishe."

"Hairudi mkononi. Mpe msomaji mwingine."

Nikaitazama ile kadi. Nilipoinua macho, benchi tupu. Harufu ya kitambaa kilichoungua imebaki hewani... na pasi niliizima mwenyewe, mbali kule.

Nilikimbia mpaka nyumbani na viatu mkononi.

Kibogoyo alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Nikampa Malkia. Seti imekamilika! Nilingoja aruke, apige kelele.

"Asante, Bibi." Akaiweka kando, hakuitazama. Akanitabasamia.

Meno ya mbele yalikuwepo. Yote mawili.

"Si yanaota, mama?" binti yangu akasema, anakoroga sufuria. "Wewe naye kwa hofu."

Asubuhi ile nilipomuaga hayakuwepo.

Niliingia chooni nikaitoa ile kadi. Picha ilikuwa imebadilika. Msichana mwingine, macho kama visahani, mdomo wazi. Pengo mbele.

Binti yangu sijamwambia. Ningeanzia wapi? Kwamba nilimtoa mwanawe ili mtu wa njiani anisifie?

Kadi naiweka mfuko wa aproni. Nikiwa napiga pasi inapata joto, na nasikia sauti ndogo, inasoma kama mimi, silabi moja moja...

"Bi-bi... ni-to-e..."

Jana mwalimu alituambia kila mmoja alete maandishi kutoka nyumbani, ampe jirani yake ayasome mbele ya darasa. Jirani yangu ni fundi baiskeli. Naye hawezi kusoma kwa tumbo. Mke wake amejifungua juzijuzi, na picha ya mtoto ametuonyesha wote, hata mfagizi.

"Dada, niletee maneno magumu," akaniambia anacheka. "Usinionee huruma!"

Nikamwambia nitaleta.

Aproni nimeshaipiga pasi, ipo tayari kwa kesho. Kadi imo mfukoni. Nimeingiza mkono mara tatu niitoe. Kila mara yule mtoto aliyemo ananiita Bibi.