Ndoo Tatu za Maji ya Chumvi

Kila jioni, saa kumi na nusu, wasichana wa Mnarani walipanga foleni bombani na ndoo zao. Mwikali naye alikuwa na ndoo, lakini njia yake ilikuwa nyingine. Aliwapita wenzake, akateremka mpaka kwenye maji ya ghuba, karibu na pale feri inapopakia watu, akajaza, akajitwika, akapanda tena kilima. Alikwenda na kurudi mara tatu. Maji yale hayakuwa ya kupikia wala ya kufulia. Yalikuwa ya kunyweshea kidau.

Kidau chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya magogo mawili. Baba yake Mwikali, Fundi Kilonzo, alikuwa seremala wa vitanda na makabati katika karakana moja ya mjini Kilifi, ng'ambo ya ghuba. Alizaliwa Machakos, mbali na bahari, na mpaka anafikisha miaka arobaini hakuwa ametia mguu katika chombo kidogo kuliko feri. Lakini Septemba ile ya mwaka wa themanini na tano alipata wazo, na Fundi Kilonzo akipata wazo, nyumba nzima hupata kazi. Alitaka kidau chake mwenyewe, chenye tanga, cha kupelekea viti na meza kwa wateja waliokaa kando ya ghuba.

"Mbao ni mbao," alimwambia mkewe. "Mtu aliyetengeneza kabati ashindwe na kidau?"

Basi kila Jumamosi, na kila Jumapili baada ya kanisa, yeye na Mwikali walikuwa nyuma ya nyumba na misumeno yao. Mwikali alikuwa na miaka kumi na miwili, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipiga randa, alipigilia misumari, na mataruma mawili, yaani zile mbavu za chombo, aliyachonga peke yake. Hakuna kitu alichowahi kukipenda kama kazi ile.

Mbao zilipokwisha kufungwa, jirani yao Mzee Fondo alikuja kutazama. Alipitisha kidole polepole baina ya ubao na ubao, kisha akacheka.

"Fundi, hili ni kabati zuri sana. Ukilitia baharini litazama pamoja na nguo zako."

Mzee Fondo aliyajua aliyoyasema. Kwa miaka mingi alikuwa ametia kalafati vyombo vya ghuba ile. Kazi hiyo ni kushindilia pamba iliyolowa mafuta baina ya mbao, kwa patasi butu na nyundo ya mti, mpaka maji yasipate mlango wa kuingilia. Lakini siku hizi macho yake yalikuwa yamefifia, na watu walikuwa wameacha kumwita. Fundi Kilonzo alipomwomba amsaidie, mzee aliitika kabla ombi halijaisha. Nahodha mmoja wa Takaungu aliposikia, alimwambia wazi: "Kidau hiki kikielea kikavu, Mzee, nitakuletea mashua yangu uitie kalafati." Kwa hiyo mzee alifanya kazi siku nne, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, akiimba chini kwa chini.

Alipomaliza alimwita Mwikali.

"Mjukuu wangu, tanga la baba yako bado liko kwa mshonaji, na jua hili ni kali. Mbao zikikauka huachana, na pamba hubaki inaning'inia. Mpaka siku ya kukishusha, kinyweshe ndoo tatu kila siku. Maji ya bahari, si ya bomba. Ya bomba huozesha mbao."

"Ndiyo, babu."

"Mimi yangu nimemaliza. Iliyobaki ni yako."

Kwa siku sita Mwikali alifanya kama alivyoagizwa. Siku ya saba, Idah, binti wa mwenye duka, alimsimamisha pale bombani huku wenzake wakisikia.

"Mwikali, kwenu mnapikia maji ya bahari? Hamjui chumvi inauzwa dukani kwetu?"

"Watu wa bara hao," mwingine akadakia. "Wameiona bahari, sasa wanaihamishia nyumbani kwa ndoo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwikali alijikaza mpaka akafika nyumbani, kisha akalia. Siku iliyofuata alipeleka ndoo moja tu. Keshoye hakupeleka hata hiyo. Alilowesha ndoo kwa maji kidogo ya mtungi, akaiinamisha kando ya kidau ili ionekane imetoka kazini. Jumamosi na Jumapili, baba yake alipokuwa nyumbani, alijitwika zote tatu na kumwaga kwa kishindo. Siku nyingine Mzee Fondo akiwa ameketi mlangoni pake alimwuliza, "Umekinywesha kidau chetu?" naye akajibu, "Nimekinywesha, babu." Mzee akaridhika. Wiki mbili zikapita hivyo.

Kidau kilishushwa Jumamosi ya kwanza ya Machi. Watu walikuja kwa wingi, maana seremala wa bara kutengeneza chombo si jambo la kila siku. Yule nahodha wa Takaungu alikuwepo, mikono nyuma. Mzee Fondo alikuwa amevaa shati lake jeupe. Fundi Kilonzo alipakia meza mbili mpya na viti vinne vya mteja wake, akatweka tanga, na kidau kikaondoka ufuoni kikiwa kimejaa upepo na sifa. Mwikali alirukaruka kwa furaha. Kwa dakika tano alisahau kabisa habari za ndoo.

Kisha baba yake akaacha usukani na kuanza kuteka maji kwa kopo. Akateka kwa kopo, akateka kwa kofia. Kidau kikazidi kushuka, na baba, ambaye hakujua kuogelea, akakigeuza kuelekea ufuoni. Kilizama penye maji ya kifuani. Alitoka akitembea, ameshika kiti kimoja, na viti vingine vikimfuata nyuma vikielea. Watoto walicheka. Wakubwa waliangalia chini, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mzee Fondo aliingia majini na shati lake jeupe, akakipapasa kidau. Aliporudi alimtafuta Mwikali mpaka akamwona.

"Mjukuu wangu, nataka kujua jambo moja. Maji ulikuwa ukitia kila siku?"

Watu wote walikuwa wanamtazama. Idah alikuwa hapo, na baba alikuwa hapo, maji yakimchuruzika. Mwikali alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni.

"Kila siku, babu. Ndoo tatu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Basi ni mimi," alisema. "Macho yangu yameniponza."

"Mzee," Fundi Kilonzo alisema kwa uchungu, "ungeniambia huoni, ningetafuta mtu mwingine."

Mzee Fondo alikamua shati lake jeupe. Nahodha wa Takaungu aligeuka akaenda zake.

Siku nne kidau kilikaa pale pale, kimejaa maji, kamba imefungwa kwenye mkoko. Mwikali hakula vizuri wala hakusikia lolote darasani. Mara mbili alifika mpaka mlangoni kwa Mzee Fondo, na mara mbili alirudi bila kubisha hodi, kwa aibu.

Jumatano baba alirudi mapema, akamchukua Mwikali wakakitoe kidau, wakipasue wapate mbao. Bahari ilikuwa imekupwa, nao wakamwaga maji yote nje kwa ndoo mpaka kidau kikaelea. Baba akaketi kupumzika. Baada ya muda akainama kutazama ndani, akatazama tena. Hakuna hata tone lililoingia.

"Ajabu hii," alisema. "Labda Mzee amekuja kukitengeneza tukiwa hatupo. Itabidi nimshukuru."

Mwikali angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na mzee angepewa shukrani zake. Lakini aliona kwamba shukrani hiyo ingekuwa uongo mwingine, na mzee mwenyewe angeishi akiamini kwamba mikono yake ilimzamisha jirani.

"Baba, hakukitengeneza. Kilikuwa kizima tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekiacha kikauke. Sasa mbao zimelowa zikavimba." Akaeleza yote, kuanzia foleni ya bombani mpaka ndoo iliyoinamishwa.

Fundi Kilonzo aliiweka ndoo chini. "Na mimi nilimtukana mbele za watu," alisema. "Twende kwake."

Chumba cha Mzee Fondo kilikuwa kitupu. Mama yake Mwikali ndiye aliyewaambia: mzee alikuwa ameondoka jana asubuhi kwenda Ganda, kwa binti yake Kache.

Jumapili walipanda basi mpaka Malindi, na kutoka hapo wakaenda Ganda kwa miguu. Walimkuta mzee uani, akipukuchua mahindi pamoja na Kache.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni."

Mwikali hakungoja kuketi. Alisema akiwa amesimama, machozi yakimtoka, na hakujitetea. Baba naye aliomba radhi, kofia mkononi.

Mzee Fondo aliliweka gunzi chini. "Hakiingizi hata tone?"

"Hata tone, babu."

Mzee aliitazama mikono yake, akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuacha kuteka maji ni uvivu wa mtoto. Ungeniambia pale ufuoni, ningekugombeza, tungekilowesha siku tatu, tukakishusha tena. Kilichonidhuru si zile ndoo. Ni neno lako. Nilikuuliza, nikaliamini kuliko vidole vyangu. Mtu akikuuliza jambo, ujue kuna kitu atakachokijenga juu ya jibu lako. Ukimpa jibu bovu, atajenga na kitamwangukia."

"Rudi Mnarani, Mzee," Fundi Kilonzo alisema. "Nitawaambia watu wote ukweli."

"Waambie. Lakini mimi sirudi. Patasi zangu nimempa kijana mmoja, yule ambaye nahodha wa Takaungu amempa mashua yake aitie kalafati. Nilijiambia nimezeeka, Fundi, na mwili umenisikia." Akamshika Mwikali bega. "Nimekusamehe. Usije ukadhani umekuja bure. Usingekuja, ningekufa nikijilaumu."

Waliporudi, Fundi Kilonzo aliwaeleza watu ukweli pale pale ufuoni, na Mwikali mwenyewe akamwendea nahodha wa Takaungu. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho. "Umefanya vyema kusema," alimwambia. "Lakini mashua imekwisha kutiwa kalafati."

Mwezi wa Aprili shule zilipofungwa, kidau kilipandishwa kwenye magogo kipakwe rangi. Jioni, saa kumi na nusu, Mwikali aliwapita wasichana bombani akiwa na ndoo ya maji ya chumvi kichwani. Idah akamwuliza kama bado wanaihamisha bahari.

"Bado," Mwikali alijibu, akaendelea na safari yake.

Chumba cha Mzee Fondo kilikuwa kimepata mpangaji mwingine. Mwikali alimwaga ndoo ya tatu, akapitisha kidole baina ya ubao na ubao kama alivyomwona mzee akifanya. Pamba ilikuwa imekaa sawasawa, kuanzia mbele mpaka nyuma, bila pengo. Aliyeipachika alikuwa Ganda, anapukuchua mahindi.