Githeri Hakufa

Kila jioni baada ya shule Ndanu alikuwa na kazi tatu: kuchota maji kwenye tangi la ploti, kuosha masufuria, na kumchunga mdogo wake Mwau asitoke langoni. Mwau alikuwa na miaka mitano na miguu isiyojua kutulia. Kazi ya nne hakuna aliyemtuma, nayo ndiyo aliyoifanya kwa moyo wote. Kazi hiyo ilikuwa kucheza gemu.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo ya kushika viganjani, kona moja imezibwa kwa utepe wa gundi. Kui alipewa na binamu yake aliyemaliza chuo huko Juja. Kwa kuwa Kui hakuwa na choyo, aliitumia pamoja na marafiki zake wawili wa Gredi ya Saba, Ndanu na Njau. Wote walikaa mtaa wa Kimbo, na kila mmoja alikuwa na siku zake mbili za kwenda nayo nyumbani. Ndani ya gemu mlikuwa na kikosi cha madubwana sita wa vita. Kila mtoto alikuwa na wawili wake, aliowalea tangu wakiwa mayai. Nafasi ya saba haikuwepo.

Shida ilikuwa Malkia Barafu, mlinzi wa mnara wa mwisho. Walimkabili mara nne, na mara zote nne akawagandisha wote sita. Wa kwanza kuanguka kila mara alikuwa Githeri, dubwana wa Njau. Alikuwa mviringo, wa rangi ya maharagwe kama chakula alichopewa jina lake, na miguu mifupi ya kuchekesha. Vitani hakuwa na lolote. Lakini siku alizobahatika kushinda alicheza ngoma ya kuzunguka, na Mwau, ambaye hukaa kando akitazama, alizunguka naye mpaka akaanguka.

Jumatano, wakati wa mapumziko shuleni, Ndanu alimwita Njau.

"Njau, sikiza. Bonde la Moshi kuna dubwana wa moto, anaitwa Jiko. Tukimpata huyo, Malkia ataisha. Lakini lazima tuachilie mmoja. Githeri hana kazi."

"Zii! Githeri nimemlea tangu yai. Achilia wako."

"Wangu wako na nguvu!"

"Basi wafunze wapate zaidi. Githeri haendi mahali."

"Wacheni hiyo maneno," Kui akaingilia. "Jumamosi tutajaribu tena na hawa hawa."

Ndanu hakukubali. Alhamisi mashine ilikuwa kwake. Alipomaliza kuosha masufuria alikwenda moja kwa moja Bonde la Moshi, akapambana na Jiko hadi akamnasa. Papo hapo gemu ikamwuliza: kikosi kimejaa, unamwachilia nani?

Alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa faida ya wote. Alijiambia kwamba Njau mwenyewe atashukuru Malkia akianguka. Mtu akiamua kujidanganya hakosi maneno, na Ndanu siku hiyo alikuwa nayo tele. Akabonyeza jina la Githeri. Kile kidubwana kikatembea polepole kuelekea msituni, kikageuka, kikapunga mkono, kikatoweka. Katika gemu ile, anayeachiliwa harudi tena, na Ndanu alilijua hilo vizuri.

Asubuhi ya Ijumaa Njau alipita kuchukua mashine kabla ya kwenda shule. Aliifungua palepale mlangoni.

"Githeri ako wapi?"

Ndanu alikuwa amepanga kumweleza habari za Jiko na ushindi. Lakini alipouona uso wa rafiki yake, aliogopa kusema ukweli.

"Amekufa," akasema.

"Kwenye hii gemu hakuna kufa. Wanazimia tu."

Macho ya Ndanu yalizunguka yakitafuta pa kujificha, yakamwangukia Mwau aliyekuwa akitafuna mkate kwenye kiti.

"Ni Mwau. Nilimnasa Jiko, nikaenda kuosha vyombo, naye akabonyeza-bonyeza jina la Githeri."

"Si mimi!" Mwau akasema, mkate ukiwa bado mdomoni.

"Nilikuwa nakuletea uone akicheza ngoma," Njau akamwambia. "Usiwahi kugusa kitu yangu tena. Na usikuje kwetu."

Siku nzima Ndanu hakusikia alichofundishwa. Jioni, wakila, Mwau aliweka kijiko chini.

"Ndanu, mtu anaweza kubonyeza kitu akiwa amelala?"

"Kula chakula," Ndanu akamjibu, huku akisukuma sahani yake mwenyewe kando.

Jumamosi walikutana kwa kina Kui kumkabili Malkia Barafu. Jiko aliwaka, barafu ikayeyuka, na mnara ukafunguka. Kui aliruka na kupiga vigelegele hadi mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Gemu iliwapa zawadi: yai moja la madoadoa. Njau alilitazama tu, kisha akasema ametumwa dukani, akaondoka. Ushindi ambao Ndanu aliungoja mwezi mzima ulimwacha amekaa pale na aibu kifuani.

Kesho yake mchana, familia ilipotoka kanisani, ilimkuta Mjomba Nzioki mlangoni. Alikuwa ametoka Matuu alfajiri, na mkononi alikuwa na gunia lililokunjwa. Baba yao, Mbuvi, alikuwa mchomaji nyama huko Kamakis, na hakuwa na nafasi ya kufuga Kimbo. Mbuzi wake wanne walikaa kwa huyo shemeji yake.

Mjomba hakutaka hata chai kwanza. Alifungua gunia, akatandaza ngozi ya mbuzi mweupe iliyopakwa chumvi. Harufu ilijaa chumba.

"Shemeji, yule jike wako ameenda. Nyoka. Angalia hapa pajani, alama ya meno. Na sikio ndilo hili, lenye mkato wako."

Baba aliinama, akaigusa ngozi, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Pole, shemeji. Na asante kwa kuja."

"Mjomba," Mwau akauliza akiwa ameshika pua, "kwa nini umeleta kitu inanuka hivi? Si ungepiga simu?"

Mjomba Nzioki alicheka kidogo. "Simu inaweza kusema chochote, mwanangu. Kwetu, mali ya mtu ikifia mikononi mwako, unampelekea ngozi aione. Ukikosa ngozi, watu watajua ulimla."

Mwau alitulia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akamvuta Mjomba shati.

"Na mimi nitampelekea Njau nini? Sina ngozi ya Githeri."

Watu wazima walitazamana bila kuelewa. Ndanu alielewa. Alihisi kana kwamba chumba kizima kinanuka yeye, wala si ile ngozi. Alipiga magoti mbele ya mdogo wake.

"Mwau, si wewe. Ni mimi. Githeri hakufa. Nilimwachilia mimi, nikakusingizia." Akaanza kulia kwa sauti, na Mwau, badala ya kukasirika, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

Baba alisikiliza kisa chote bila kumkatiza. Hakuinua mkono wala sauti, na hilo lilimwumiza Ndanu zaidi.

"Vaa viatu," akasema. "Twende kwa kina Njau. Wewe pia, Mwau."

Mama Njau aliwakaribisha, akamwita mwanawe. Ndanu alisema yote akiwa amesimama, bila kuongeza neno kuhusu faida ya kikosi.

"Kwa hivyo nilimfokea Mwau bure?" Njau akauliza.

"Bure kabisa. Nisamehe, Njau."

Njau alimwendea Mwau kwanza. "Pole, Mwau. Kuja tu wakati wowote." Kisha akamgeukia Ndanu. "Wewe siku zako zimeisha." Akaingia ndani. Baba hakumtetea binti yake hata kwa neno moja.

Kwa wiki tatu Ndanu alifanya kazi zake tatu, na ya nne haikuwepo. Alikaa peke yake wakati wa mapumziko. Kui alimsalimia, lakini kwa ufupi. Mara nyingi alitamani kumwambia Njau kwamba adhabu imetosha, kisha akakumbuka kwamba si yeye wa kuipima.

Alhamisi moja alimkuta Njau amesimama mlangoni na mashine mkononi.

"Lile yai liko karibu kuanguliwa," akasema bila kumtazama. "Lakini hakuna nafasi kwa kikosi."

Ndanu alielewa. Alipokea mashine, akatafuta jina la dubwana wake wa kwanza, yule mwenye nguvu aliyemlea tangu yai. Akambonyeza. Dubwana akatembea hadi msituni, akageuka, akampungia, na Ndanu akajipangusa machozi. Nafasi ikapatikana. Yai likapasuka, kikatoka kitu cha manjano chenye masikio makubwa.

"Ni wako," akamwambia Njau.

"Mwau ndiye atampa jina," Njau akajibu.

"Chapati!" Mwau akapiga kelele, na wote watatu wakacheka. Kabla ya kuondoka, Njau aliiacha mashine mezani. "Leo ni Alhamisi. Ni siku yako. Mchunge Chapati."

Baba, aliyekuwa akijiandaa kwenda Kamakis, alikuwa ameyasikia yote. Aliketi karibu na binti yake.

"Unajua nilimfanyia nini Mjomba wako baada ya yule mbuzi kufa?"

"Hapana, Baba."

"Jana nimempelekea mwingine anifugie. Mbuzi aliyekufa harudi, Ndanu, na Githeri pia harudi. Lakini mtu akikuletea ngozi na ukweli wake, unaweza kumwachia mali yako tena. Anayedanganya hupoteza wote wawili, mbuzi na mwenye mbuzi. Wewe ulichelewa kuleta ngozi, lakini uliileta." Akaielekeza ile mashine kwa kidevu. "Na leo umepewa mbuzi wa mtu. Mchunge."