Usipokee! Hiyo ni Bipu ya Bibi

Sogea karibu. Na wewe unayesoma, weka simu yako chini. Ifunike kwa kitambaa, ipumzike. Haya, sasa tunaweza kuanza.

Huyu ni Namsifu. Ana miaka sita na pengo moja mbele.

Namsifu anakaa kwenye kilima cha huku, katika milima ya Upare. Anakaa na Baba, na Mama, na mdogo wake Mbonea. Mbonea bado ananyonya kidole.

Bibi anakaa kwenye kilima cha kule. Katikati kuna bonde. Chini ya bonde kuna mto.

Ukisimama mlangoni kwa kina Namsifu, nyumba ya Bibi unaiona. Ni ndogo kama kiberiti. Lakini kwenda sasa! Unashuka, unashuka, unashuka. Unavuka mto. Unapanda, unapanda, unapanda. Ukifika, miguu inatetemeka na njaa imerudi upya.

Ndiyo maana Namsifu husema:
Kwa Bibi ni karibu kwa macho,
mbali kwa miguu.

Bibi ana simu ndogo ya vitufe. Mfuniko wake wa nyuma ulipotea zamani. Bibi ameifunga kwa mpira, na anaitunza kwenye pindo la khanga.

Bibi hapigi simu. Bibi anabipu.

Simu ya Baba inalia mara moja tu. Triii! Halafu kimya. Bibi amekata. Salio lake lipo vilevile, halijaguswa.

Bipu moja asubuhi ni kusema: "Nimeamka. Mimi mzima."

Bipu mbili mchana ni kusema: "Makande yameiva. Njooni."

Na bipu moja jioni ni kusema: "Mimi mzima. Ninyi je?"

Hapo Namsifu anachukua simu ya Baba. Anambipu Bibi mara moja. "Sisi pia wazima. Lala salama, Bibi."

Bibi huwa anaingoja bipu hiyo nje, kwenye kigoda chake, na taa pembeni. Akiipata, anaingia ndani. Kule ng'ambo, nukta ya mwanga inazimika. Namsifu naye analala.

Kuna sheria moja tu. Bipu ya Bibi haipokelewi. Ukiipokea, salio la Bibi linaliwa! Kwa hiyo simu ikilia, nyumba nzima inapiga kelele:

Triii!
"Usipokee! Hiyo ni bipu ya Bibi!"

Siku moja Mbonea aliiwahi simu. Akatoa kidole mdomoni, akabonyeza.
"Alooo!"

"Nani kapokea?" Bibi akalia ndani ya simu. "Jamani, nani kapokea? Salio langu linaliwa huku!"

Tu-tu-tu. Bibi akakata. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Jambo moja zaidi kuhusu Bibi. Macho yake yamechoka, lakini masikio yake! Anasikia hata kengele ya shule ya Namsifu, toka kilima cha kule.
"Jana mlitoka mapema," Bibi husema. "Nilisikia ngooo, ngooo, ngooo."

Sasa, kulikuwa na siku moja ya mvua kubwa. Usiku kucha ilinguruma. Gubudu-gubudu! Paa! Huko juu mlimani, radi ikaupiga mnara wa simu.

Asubuhi simu zote zilikuwa kimya. Hakuna triii. Hakuna tiri-tiri. Hakuna hata ti.

Baba akainua simu juu. "Mtandao hakuna."
Akapanda kwenye kigoda. "Hakuna."
Akapanda juu ya mparachichi. "Hakuna!"
Kuku wakamtazama, wakatazamana.

"Leo sitajua kama mvua itanyesha," Baba akasema, macho kwenye simu.
Wingu jeusi lilikuwa juu ya kichwa chake. Baba hakuliona.
To. To. Tototototo! Baba akalowa chapachapa.

Kikundi cha Mama hakikukutana siku hiyo. Kila mama alikaa nyumbani kwake, akingoja ujumbe wa kumwambia aje.

Namsifu alingoja bipu ya asubuhi. Haikuja.
Alingoja bipu ya mchana. Haikuja.
"Twende basi kwa Bibi," akasema.
"Mto umejaa, mama," Baba akamjibu. "Leo hakuna wa kuvuka."

Karibu kwa macho. Mbali kwa miguu. Na leo mbali zaidi.

Jioni ikaingia. Namsifu akasimama mlangoni. Kule ng'ambo, nukta ya mwanga ikawaka. Ikawaka. Ikaendelea kuwaka.

"Mama, Bibi bado yuko nje."
"Ataingia tu, mwanangu."
"Haingii. Anangoja bipu yetu."

Mama akaja mlangoni. Akatazama ng'ambo. Upepo ulikuwa baridi.
"Na kile kikohozi chake," Mama akasema kwa sauti ndogo.

"Ngojeni," Baba akasema. Akawasha tochi ya simu, akaipunga juu. Huku na huku. Huku na huku.
Pyuu. Simu ikazimika.
"Chaji imeisha," Baba akasema, akajikuna kichwa. Si ajabu. Simu hiyo ilikuwa imeshinda juu ya mti.

Baba akaita kwa nguvu zake zote. "Mamaaaa!" Maana Bibi ni mama yake.
Guruguruguru, mto ukajibu. Sauti ya Baba ikazama humo.

Halafu ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Ulipanda polepole, mweupe, bila haraka. Ukafunika migomba. Ukafunika njia. Ukaifunika na taa ya Bibi.

Sasa hata kwa macho, Bibi alikuwa mbali.

Namsifu akalia. Alilia kweli, mpaka kamasi zikamtoka.
"Bibi anadhani tumeugua," akasema. "Anadhani nimemsahau. Atakaa nje mpaka asubuhi!"

Mama akamfuta kamasi. Mbonea akampa kidole chake anyonye. Namsifu hakukitaka, lakini alishukuru.

Kisha Namsifu akanyamaza. Akafikiri. Macho ya Bibi yamechoka. Lakini masikio yake!

"Baba! Kengele! Bibi anaisikia kengele ya shule!"

Shule iko hapo tu, nyuma ya nyumba. Wakakimbia. Namsifu mbele, Baba nyuma yake, Mama nyuma ya Baba, na Mbonea mgongoni kwa Mama, kichwa kikicheza, du-du-du-du.

Mwalimu Mshana alikuwa uwanjani. Alikuwa amesimama juu ya dawati, mkono juu, simu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu!"
"Marahaba, Namsifu." Mwalimu akashuka upesi, akajifanya anafuta dawati vumbi. "Kuna nini jioni hii?"

"Mwalimu, naomba kumbipu Bibi."
"Mtandao hakuna, mtoto wangu. Nimehangaika tangu asubuhi."
"Si kwa simu, Mwalimu. Kwa kengele."

Kengele ya shule si kengele hasa. Ni ringi la gurudumu la lori, limening'inizwa kwenye mti. Hupigwa kwa kipande cha nondo.

Mwalimu akalitazama ringi. Akaitazama simu yake. Akamtazama Baba, mwenye majani ya mparachichi kichwani.
"Kengele saa hizi? Watoto si watakuja shule na nguo za kulalia?"

"Ya shule hupigwa mara nyingi," Namsifu akasema. "Mimi nitapiga moja tu. Bipu ni moja. Bibi ataelewa."

Mwalimu akaitia simu mfukoni.
"Haya. Moja tu," akasema. Akampa nondo.

Baba akamnyanyua Namsifu begani. Nondo ilikuwa nzito. Namsifu akaishika kwa mikono miwili. Akavuta pumzi.

NGOOOOOOO!

Sauti ikaruka juu ya migomba. Ikaruka juu ya ukungu. Ikavuka mto bila kulowa.

Kimya.

Namsifu akahesabu. Moja. Mbili. Tatu.
Baba hakupumua. Mama hakupumua. Mwalimu hakupumua.
Nne. Tano.
"Pengine kashaingia ndani," Baba akasema.
"Ngoja, Baba."
Sita.

Na toka huko ng'ambo, ndani ya ukungu, wakasikia:

Nge!

Mara moja. Halafu kimya.

"Jembe!" Namsifu akapiga kelele. "Bibi kagonga jembe lake! Bibi kabipu! Ni mzima! Bibi yangu ni mzima!"

Baba akafuta macho. Alisema ni ukungu umemwingia.

Mbonea akainua kichwa mgongoni kwa Mama. Akatoa kidole mdomoni.
"Alooo!" akaita.

Wote wakafungua midomo: "Usipo..."

Mama akacheka. Akacheka mpaka mgongo ukatikisika na Mbonea juu yake.
"Pokea, mwanangu! Pokea tu! Hii haina salio la kuliwa."

"Alooo!" Mbonea akaita tena.
"Alooo, Bibi!" Namsifu akaita.
"Alooo, Mama!" Baba akaita.
Hata Mwalimu Mshana akaita alooo, na Bibi si ndugu yake.

Basi mambo yakaanza. Nyumba ya jirani mtu akagonga sufuria. Nga! Toka ng'ambo, mtu akamjibu kwa beseni. Bo! Huku mtu akagonga debe. De! Kule mtu akagonga karai. Kwa!

Kumbe si Bibi peke yake aliyekuwa akingoja. Watu wengi walikuwa wamekaa siku nzima, simu mkononi, wakiwaza watu wao.

Nga! Bo! De! Kwa! Nge!

Kilima cha huku kikabipu kilima cha kule. Kilima cha kule kikabipu kilima cha huku.

Mara akatokea mtoto mmoja mbio, mkoba mgongoni, nguo za kulalia mwilini.
"Shikamoo, Mwalimu. Nimechelewa?"
"Marahaba. Hujachelewa, umewahi mno," Mwalimu akasema. "Rudi ukalale."

Namsifu naye akarudi nyumbani. Akanawa miguu. Akala kidogo. Akapanda kitandani, na Mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mama, mnara ukipona, Bibi atabipu tena kwa simu?"
"Atabipu. Simu ni nzuri, mwanangu. Ila nayo huugua."

"Na kesho?"
"Kesho mto ukipungua, tunakwenda kwa Bibi. Sote. Tukale makande."
"Bila kubipu kwanza?"
"Bila kubipu. Tutamshtukiza mlangoni."

Kule ng'ambo, nyuma ya ukungu, Bibi alikuwa amefunga mlango. Alilaza simu yake upande mmoja wa mto wa kulalia. Upande wa pili alilaza jembe.

Huku, simu ya Baba ilikuwa mezani. Yenyewe ilikwisha kulala zamani.

Mbonea alikuwa na kidole mdomoni. Namsifu alikuwa amefumba macho. Akasema polepole, kwa sauti ya usingizi:

Kwa Bibi ni karibu kwa macho,
mbali kwa miguu,
na kwa masikio ni hapa hapa.

Akalala.